Mwenye Gari Apande Bodaboda

Sherehe mliyonifanyia siku ya kuniaga ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Keki mliichonga kwa umbo la injini, nami badala ya kushukuru nikauliza turbo iko wapi. Shukuru, ambaye sasa ndiye anayewaongoza hapo gereji, alishika kipaza sauti akasema, "Fundi Tatu aandike mambo yake kabla hajasahau." Kusahau bado. Ila nimekaa nyumbani hapa Mwembesongo wiki kadhaa nikiwatazama kuku, na kuku hawana cha kutengenezwa, kwa hiyo naandika.

Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, hayo hayamo humu. Nitaandika kuhusu nguvu na moshi, kwa sababu kazi yangu yote, ukiondoa kunawa mikono kwa sabuni ya unga, ilikuwa kuamua ugomvi wa hao wawili. Wenye magari mapya ya kifahari hawana ugomvi huo, kiwanda kimeshawamalizia. Wateja wangu walikuwa walimu, wapiga gitaa, wafanyabiashara wa mpunga, watu wa viwandani, waliolitamani gari la mbio la milango miwili tangu shule ya msingi na wakaja kulipata likiwa limeshachoshwa na watu wengine huko Japani. Hao nawapenda. Mtu anayenunua gari ambalo kiti chake cha nyuma hakitoshi hata ndoo ya maji, kwa sababu tu linamfurahisha, ni mtu wa kutunzwa.

Mimi ni wa Mgeta, juu kule Uluguru, ambako watu wanalima kabichi kwenye miteremko ambayo mgeni anaipanda kwa mikono na magoti. Nilishuka mjini na cheti cha ufundi na ovaroli ambayo mama aliipunguza miguu vibaya, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Gereji niliyopata ilikuwa ya Mzee Nyoni, karibu na reli. Alikuwa Mngoni aliyekuja kufanya kazi kwenye karakana ya shamba la miwa, akaoa, akabaki. Mafundi wake wote walikuwa wanaume, na siku ile walijipanga kunitazama nitakavyonyanyua giaboksi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mafua unayo?"

"Sina, mzee."

"Basi kazi unaiweza."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Aliwasha pikapu iliyokuwa uani, akanisimamisha pembeni ya bomba la ekzosi, akaniambia nimtajie kilichomo. Sikujua niseme nini, nikasema moshi. Akacheka, akaanza kunifundisha. Harufu inayochoma macho ni petroli iliyotoka bila kuungua. Harufu ya kikaango kilichosahauliwa jikoni ni oili. Harufu ya utamutamu, hiyo ni maji ya rejeta yanaingia kusikotakiwa, zima injini upesi na umwandae mwenye gari kisaikolojia. Kisha akatoa mfukoni kitambaa cheupe, akakishika kwenye mdomo wa bomba. Masizi makavu meusi, petroli nyingi kuliko hewa. Masizi yenye utelezi, oili. Nilifanya hivyo siku nzima kwa kila gari lililoingia, nikarudi nyumbani na harufu ambayo shangazi yangu alinikatazia kupita nayo sebuleni. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano.

Giaboksi niliinyanyua siku iliyofuata, kwa jeki. Wale waliokuwa wakinisubiri waliona aibu kidogo, kwa sababu wao walikuwa wakiinyanyua kwa mgongo.

Somo lake kubwa lilikuwa la jiko la kuni. Alikuwa akisema jiko likikosa hewa linatoa moshi, na maharage hayaivi. Kwa hiyo moshi mweusi ni moto ambao haukuwaka, na mtu anayejisifu kwamba gari lake linatema moshi kwa sababu lina nguvu anajisifia kuni zilizopotea. Nilikuja kugundua baadaye kwamba jambo hilo si rahisi hivyo. Injini inayofukuzwa sana inataka petroli ya ziada kidogo, si ya kuungua bali ya kupooza joto ndani, na hapo ndipo nguvu na usafi vinapoanza kutazamana kwa jicho baya. Lakini kwa kuanzia, jiko lilinitosha, na hata nyinyi linawatosha.

Gari la kwanza la mbio kuligusa lilikuwa la mpiga gitaa wa bendi moja ya hapa mjini. Lilikuwa la kabureta, zee, zuri, na yeye alikuwa amelitoboa silensa kwa drili ili akifika ukumbini watu wajue amefika. Alituapia kwamba tangu atoboe, gari limeongezeka nguvu.

"Kelele umeongeza," Mzee Nyoni akamwambia. "Nguvu umeziongeza wapi?"

Wakabishana mpaka mzee akachoka. Akaamuru twende Bigwa, kwenye kile kipande cha lami kinachopanda kuelekea Mkuyuni. Mimi nikaendesha gari la mpiga gitaa. Mpiga gitaa mwenyewe mzee alimpandisha nyuma ya pikapu yetu, kwenye bodi, wakatufuata. Nilikanyaga mpaka mguu ukagota. Kelele zilikuwa za kutosha kuamsha kijiji, lakini katikati ya mlima nilipitwa na lori dogo la kabichi, na kwa kuwa waliokuwa juu yake walikuwa watu wa kwetu, ikabidi niwapungie mkono. Tulipofika juu, mpiga gitaa alishuka kwenye pikapu akiwa na macho mekundu na shati la jukwaani limepata rangi nyingine.

"Hivi ndivyo wanavyonipata watu wa nyuma?" akauliza.

"Kila siku," Mzee Nyoni akamjibu. "Mwenye gari moshi wake hauoni, kwa sababu yeye yuko mbele yake."

Tulisafisha kabureta, tukaweka sawa boya lake, tukabadili plagi, na gari likapanda Bigwa kama lilivyozaliwa. Matundu ya silensa aliomba tumwachie. Tukamwachia, msanii ni msanii. Ila tangu siku hiyo ukawa utaratibu wa gereji: hakuna anayekabidhiwa gari la mbio kabla hajalifuata kwa nyuma kupanda Bigwa. Bodaboda zilipokuja mjini tukaachana na pikapu, kwa sababu bodaboda haina kioo wala paa, na mteja anapokea kila kitu kama kilivyo. Nimewaweka kwenye bodaboda wafanyabiashara, wachungaji, mashehe na bwana harusi mmoja aliyekuwa na haraka zake. Hakuna aliyewahi kurudi na ubishi uleule aliopanda nao.

Kisha yakaja magari ya turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na sindano za petroli, mitumba kutoka Japani, na pamoja nayo yakaja masega. Kwa msomaji ambaye si fundi, masega ni kile kikopo kilichopo njiani kwenye bomba la ekzosi, chenye matundu madogomadogo ndani kama ya nyuki, ambacho kazi yake ni kumalizia kuunguza kile ambacho injini imeshindwa. Sijui nani alianza, lakini maneno yalienea nchi nzima kwamba masega yanalibana gari. "Toa masega, gari lipumue." Mtu anashusha gari bandarini, hajalikatia hata bima, tayari analipeleka chini ya mti likapigwe nondo ndani ya bomba. Vumbi la masega linamwagika chini, bomba linachomelewa, mwenye gari anaondoka kwa kelele, ameridhika kama ameponywa ugonjwa.

Nisiwadanganye. Masega yaliyoziba kweli, kwa sababu ya petroli iliyochakachuliwa au injini inayokula oili, yanaua nguvu, na lazima yatoke. Na kwenye gari la turbo, hata yakiwa mazima, ukiyatoa unapata kitu. Kidogo, lakini unakipata, na ndiyo maana ubishi huu haujaisha. Kama ningeweza kuwaambia watu kwamba hawapati chochote, kazi yangu ingekuwa nyepesi sana.

Mzee Nyoni alipopumzika, na baadaye alipotuacha, nilibaki na kitambaa chake na kelele za wateja. Nilimlilia kama baba. Halafu akaja Shukuru na kompyuta yake ya mapajani, akaichomeka kwenye gari la kwanza, akaanza kusoma namba.

"Hiyo inanusa?" nikamuuliza.

"Inanusa, mama. Inanusa kwa namba."

Nikampenda hapohapo, ingawa sikumwambia. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, yeye na namba zake na mimi na pua yangu, na mara nyingi tulifika mahali pamoja. Tulipotofautiana, tulikuwa tukiagiza chai na chapati na kuanza upya.

Sasa niwaeleze kazi iliyonifanya nistaafu nikiwa nacheka, maana wengi wenu siku hizo mlikuwa mmeenda kwenye mafunzo.

Masika yaliyopita waliingia uani mume na mke kutoka Dakawa. Mume, Idrisa, aliingia na gari dogo la njano la milango miwili, la turbo, gia za mkono. Nyuma yake mke wake, Pili, aliingia akiendesha kirikuu, kilori chao kidogo cha kubebea mchele. Waliniamkia wote wawili, nikaitikia, nikawauliza mbona mmekuja na magari mawili kutoka sehemu moja.

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, mama," Idrisa akasema. "Mke wangu ana pumu. Akipanda hili, hatujafika mbali kifua kinambana. Tangu nilinunue hajawahi kumaliza safari humu ndani."

"Na wewe unasemaje?" nikamgeukia Pili.

"Gari nalipenda. Moshi ndio haunipendi."

Idrisa akanieleza yote. Alilinunua kwa mtu wa Dar ambaye alikuwa ameshatoa masega, na kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, ilishachezewa ili turbo isukume zaidi. Linakimbia, hakuna ubishi. Lakini Jumamosi mchana kulikuwa na mtu anakuja kulichukua, walishakubaliana. "Siwezi kuwa na gari la raha ambalo mke wangu analifuata kwa nyuma na kirikuu," akasema. "Nimeona nikuulize wewe kabla sijaliachia. Ila mama, kwa heshima zote, ukinipunguzia nguvu afadhali liende. Litakuwa limebaki rangi tu."

Simu yake ikaita, akasogea pembeni. Pili akanisogelea.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia alinunue. Yeye anafikiri nataka kukaa pembeni kama mzigo. Nataka kuliendesha. Nimeendesha kirikuu tangu tuoane, najua kila shimo la Dakawa, nataka kujua gari linalokwenda likoje. Likiondoka Jumamosi tutanunua jingine la maana, la watoto na magunia, na mimi ndiyo basi tena."

Nikamwangalia. Alikuwa amevaa ushungi wa njano, rangi ileile ya gari. Mtu hajifungi ushungi wa rangi ya gari kwa bahati mbaya. Nikamwambia Idrisa aache gari, mpaka Jumamosi asubuhi atajua.

Kitambaa cheupe kilitoka kwenye lile bomba cheusi tii. Hilo nililitegemea. Nililokuwa nalitafuta ni njia ambayo moshi unamfikia Pili, kwa sababu bomba liko nyuma na yeye anakaa mbele. Tuliziba mdomo wa ekzosi kwa tambara, nikaingia chini ya gari na maji ya sabuni. Pale lilipochomelewa bomba baada ya masega kutolewa, povu liliota kama nimepika uji. Juu yake kabisa, mpira wa mkono wa gia ulikuwa umechanika. Kwa hiyo moshi ulikuwa unatoka kwenye kovu la bomba na kupanda moja kwa moja kwenye magoti ya mwanamke mwenye pumu. Nilimtukana yule mchomeleaji kwa sauti, na kwa kuwa nilikuwa chini ya gari, Shukuru alidhani namtukana yeye.

Kuziba nyufa ni kazi ya kawaida. Kazi ngumu ilikuwa moshi wenyewe. Shukuru alisoma namba zake, akarudia kuzisoma.

"Mama, petroli inamwagwa kuliko hewa. Aliyeichezea aliongeza msukumo wa turbo, akaogopa joto, akaongeza petroli ya kupoozea. Masega tukiyarudisha na petroli hii, yataziba mapema tu. Tukipunguza petroli tukaacha turbo ilivyo, tutatoboa pistoni."

"Na tukishusha turbo?"

"Idrisa atauza gari."

Ndivyo tulivyokaa hapo katikati, na huo ndio ugomvi niliowaambia. Ukitaka nguvu ile, lipa kwa moshi. Ukitaka usafi ule, lipa kwa nguvu. Gari jipya la bei kubwa linakwepa hesabu hiyo kwa vifaa ambavyo mitumba hii haina. Tuliagiza chapati. Hazikusaidia. Nililala na mawazo, na mume wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Kesho yake Shukuru akaja na jambo lililomkera. Namba za hewa inayoingia zilikuwa kubwa kuliko nguvu ambayo gari linatoa. Kwenye karatasi, lilitakiwa livute kuliko lilivyokuwa likivuta. "Hewa inahesabiwa mlangoni," akasema, "halafu inapotea ndani ya nyumba."

Nikaingiza mkono kwenye mipira inayotoka kwenye turbo, nikaipapasa mmoja baada ya mwingine huku yeye akisoma. Chini ya klipu moja, upande usioonekana, kidole changu kikazama. Mpira ulikuwa umepasuka. Kompyuta ya gari inaihesabu hewa ikiingia, inamwaga petroli ya kuitosha, kisha hewa inatoroka kwenye ufa ule na petroli inabaki peke yake bila mwenzake. Yule wa Dar aliona gari halivuti inavyotakiwa, akaongeza turbo, akaongeza petroli. Alikuwa anajaza ndoo iliyotoboka na kila siku anafungulia bomba zaidi. Nilitoa mkono nikacheza pale uani. Shukuru pia alicheza, vibaya sana.

Tuliweka mpira mpya. Kitambaa kikatoka cha kijivu. Tukaagiza Dar masega mazima kutoka kwenye gari la aina hiyohiyo lililokatwa vipuri, yakaja kwa basi. Sensa ya ekzosi ilikuwa imedanganywa kwa kipande cha waya, tukaweka sensa ya kweli. Tukabadili plagi, tukaziba kila kovu, na Shukuru akaandika upya petroli na kushusha turbo kidogo, kiasi cha kuiruhusu injini iungue safi bila kuchemka. Kitambaa kikatoka na kijivu chepesi sana, kama mtu aliyefuta vumbi mezani.

Jumamosi asubuhi walikuja. Nikamweleza Idrisa ukweli wote, kwa sababu mteja anayefichwa hurudi na hasira.

"Chini na katikati una nguvu kuliko uliyokuja nayo. Juu kabisa, mshale wa mizunguko ukikaribia wekundu, utakosa kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha kukamatwa na trafiki. Kwenye barabara ya Dodoma, pale unapoihitaji wewe, na trafiki naye yupo."

Akacheka nusu mdomo. Bado alikuwa na mashaka, nikayaona. Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo.

"Utaratibu wa gereji," nikamwambia. "Mwenye gari apande bodaboda."

"Na nani anaendesha?"

Nikampa Pili ufunguo. Idrisa akamtazama mke wake. Alipanda nyuma ya bodaboda ya kijiweni petu na kofia ngumu iliyomkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria. Mkoba wa Pili, wenye dawa yake ya kuvuta, ulibaki mkononi kwa Idrisa katika kupokezana kule, na mimi na Pili ndani ya gari hatukugundua mpaka tumefika juu.

Nilimwambia Pili afunge vioo vyote. Nilitaka tuwe humo ndani bila msaada. Mpaka mwanzo wa mlima aliendesha kikirikuu, anabadili gia mapema, anakaa pembeni, anawapisha mpaka baiskeli. Nikamwambia, "Usiibadilishie haraka, mwanangu. Isubiri." Akaisubiri. Turbo ikakamata, migongo yetu ikagota kwenye viti, na Pili akapiga kelele, "Yallah, mama! Mama, umesikia hiyo?"

Nilisikia. Nilichokuwa nasikiliza zaidi, hata hivyo, ni kifua chake. Pua yangu haikuwa imepata kitu, lakini pua yangu si mapafu ya Pili, na niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko siku yoyote kazini. Kisha nikagundua kwamba anaongea. Alianza kwenye kona ya kwanza na hakunyamaza. Alinisimulia jinsi kirikuu inavyolia mlimani, jinsi watoto watakavyogombea kiti cha mbele, jinsi mama yake wa Mkuyuni anavyosema gari la njano ni la kuuzia aiskrimu. Mtu aliyebanwa kifua hasemi hivyo. Anahesabu maneno, anayatoa mojamoja. Pili alikuwa anayamwaga yote bila kupumzika, huku anakanyaga, na mimi nilikaa pale nikiitikia "ehee, ehee" na machozi yananitoka kwa raha.

Tulisimama juu, mahali pana pembeni ya barabara. Bodaboda ilitufikia baada ya muda. Idrisa aliruka kabla haijasimama, amekumbatia ule mkoba kifuani, kofia imemwangukia kisogoni, anahema.

"Dawa! Pili, dawa yako, nimebaki nayo mimi! Umebanwa?"

Pili alikuwa ameshusha kioo na alikuwa katikati ya habari ya mama yake. Hakuikatisha. Aliendelea kunisimulia maneno ya aiskrimu. Idrisa akasimama pale dirishani na mkoba mikononi, akamsikiliza. Nilimwona akimsikiliza. Nadhani alikuwa hajawahi kumsikia akiongea hivyo akiwa ndani ya gari lile. Akapangusa uso kwa kiganja, kiganja kikatoka na jasho tu.

"Na moshi?" nikamuuliza.

"Sikuuona, mama. Wala gari lenyewe sikuliona vizuri. Lilituacha."

Akatoa simu, akasogea hatua chache kutoka tulipo, lakini mlimani sauti inasafiri.

"Kaka, nisamehe sana. Lile gari limeshachukuliwa... Hapana, si bei, kaka, wala sijapandishiwa na mtu... Mke wangu. Mke wangu ndiye aliyelichukua."

Akarudi, akazunguka upande wa abiria. Nikashuka nimpishe. Pili akauliza nitarudije mjini, nikamwonyesha bodaboda, nikamwambia wapite Mkuyuni wakamsalimie mama mwenye maneno ya aiskrimu, ila lami ikikatika asikimbie, gari lile liko chini sana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili kupitia dirishani. Idrisa akajikunja kuingia, magoti yakamfika kidevuni, akiwa bado na mkoba mapajani.

Waliondoka. Mimi na dereva wa bodaboda tulisimama tukiwatazama wakipanda kuelekea milimani, kijani kibichi pande zote kwa mvua za masika. Nyuma ya gari hakukuwa na kitu ila barabara. Walipokata kona nilisikia injini ikipanda, na juu ya injini nikamsikia Pili, bado anaongea.